Rangi ya maji au ya mafuta kwa kifaru cha modeli: ulinganisho kwa sisi wa Dar

Majuzi mpwa wangu wa Tabata kaja na boksi lake la kwanza la kifaru cha plastiki cha kuunganisha, T-55A ya kampuni ya Tamiya ya 1/35 (yaani kidogo mara 35 kuliko kifaru halisi), kaliweka mezani hata maji hajanywa ananiuliza, "Anko, ninunue rangi gani?" Nikamuuliza we unapiga na nini, akasema brashi si ndo hiyo, kwani kuna kingine? Hapo nikaona bora niandike yote sehemu moja, maana hili swali naulizwa sana na kila mara najibu nusu nusu, na mtu akikosea hapa kazi ya wiki tatu inaharibika jioni moja.

Nitumie lugha ya fundi rangi wa nyumba maana kila mtu anaijua. Kuna rangi ya maji, ile ya ukutani, ukimaliza brashi unaosha bombani. Na kuna rangi ya mafuta, ya milango na mageti, hiyo bila tapentaini au waiti spiriti brashi imekufa. Rangi za modeli nazo zimegawanyika hivyo hivyo, akriliki ndo za maji na enameli ndo za mafuta. Ya tatu inaitwa laka, ni ndugu wa zile rangi za magari zinazopulizwa magereji ya Gerezani, ni ngumu inashika vizuri sana ila harufu yake kwa sisi tunaoishi chumba na sebule na watoto ndani mi siipendekezi kabisa, kwahiyo leo naiacha.

Sasa wengi wanadhani swali ni rangi ipi nzuri. Sio. Swali la kwanza ni unapiga kwa nini, brashi au eabrashi (ile bunduki ndogo ya kupulizia unayoshika kama kalamu), na swali la pili ni juu ya hiyo rangi utakuja kuweka nini, kwasababu kifaru hakiishii kwenye kijani, kinaishia kwenye vumbi, tope, kutu na madoa ya dizeli. Ukijibu hayo mawili rangi inajichagua yenyewe.

Tuanze na brashi. Hapa rangi ya mafuta ina heshima yake na nitaisema wazi. Enameli kama Humbrol, vile vikopo vya 14 ml, ukiipaka inajilaza yenyewe, mistari ya brashi inapotea wakati unaangalia. Ukitaka kuona nguvu ya enameli kwa macho nenda pale Morogoro Stores Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyefariki 1972, alichora kwa rangi za baiskeli za kopo juu ya mbao nyembamba, na zile rangi zinang'aa na kujaa vile kwasababu ni enameli. Ila hiyo hiyo rangi ya kopo kubwa ya hadwea usiipeleke kwenye kifaru, ni nzito mno. Chukua hesabu hii: kwenye 1/35 koti la rangi lenye unene wa 0.1 mm ni sawa na 3.5 mm kwenye kifaru halisi. Yaani umekipaka kifaru rangi nene kama bati la madigadi yake, vichwa vya bolti vyote vimezama, mishono ya kuchomelea imejaa, kimekuwa sabuni.

Kwa upande wa maji, kwa brashi mi nasema Vallejo, zinatoka Hispania, chupa yake unadondosha tone tone kwahiyo hupotezi rangi. Unachanganya na maji kidogo unapiga mikono mitatu hadi minne myembamba, mkono wa kwanza utaona plastiki bado inaonekana usiogope wala usirudie rudie sehemu moja, acha ikauke nusu saa piga wa pili. Tamiya za maji (XF na X) kwa brashi zinasumbua, maana ndani zina alkoholi, ukipitisha mkono wa pili unalainisha wa kwanza na inavutana inatoa michirizi. Nimeona vijana wamenunua Tamiya kwasababu jina liko kwenye boksi, wamepiga na brashi, wamekata tamaa wakasema hawana kipaji. Kipaji wanacho, rangi ndo haikuwa ya brashi.

Kwa eabrashi mambo yanageuka kabisa. Tamiya hapo ndo mfalme. Unaichanganya nusu kwa nusu na tina yake ya X-20A, au tina izidi kidogo, hadi iwe na uzito wa maziwa freshi, presha ya psi 15 hadi 20, inatoka laini kama moshi na inakauka ukiwa unaangalia. Vallejo kwenye eabrashi na joto letu la Dar inakauka kwenye ncha ya sindano, kila dakika mbili unasimama unafuta, kwahiyo lazima uweke dawa yake ya kuchelewesha kukauka. Na usije ukaichanganya Vallejo na spiriti (ile ya alkoholi, sio waiti spiriti), inaganda inakuwa kama uji uliolala, utafungua bunduki nzima kuitoa. Enameli kwenye eabrashi inapita vizuri tu, ila kuosha ni kwa waiti spiriti na chumba kizima kinanuka hadi asubuhi.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi? Kwa Tamiya mimina yote toa, suuza haraka na spiriti, umemaliza. Kwa enameli una nafasi zaidi maana haina haraka ya kukauka. Hilo ni la mafuta, nalipa haki yake.

Ila hiyo kutokuwa na haraka ndo inayotuumiza huku. Enameli inakaa inanata masaa sita au zaidi na mi huwa siigusi hadi masaa 24 yapite. Kama unakaa mtaa wa vumbi kama mimi Sinza, yale masaa sita ni mengi. Ukifunga madirisha joto linakuua, ukiwasha feni inapeperusha manyoya ya kapeti. Nimewahi kuamka asubuhi nikakuta mbu kalala chali juu ya kifuniko cha injini, miguu yote sita imezama kwenye rangi, nikamtoa na kibano na ule mguu mmoja uliobaki ndani nikaupiga msasa namba 1000 siku mbili baadaye. Tangu hapo kila nikipaka enameli nafunika na beseni la kuoshea vyombo, nalinyanyua kidogo upande mmoja kwa kijiti cha kiberiti hewa ipite. Rangi ya maji haikupi hiyo shida, dakika 20 vumbi haliwezi tena kuingia.

Masika ni habari nyingine. Kuanzia Machi hadi Mei hewa ya Dar imejaa maji, na hapo kompresa ya eabrashi inavuta hiyo hewa inaikamua, maji yanatoka kwenye mpira na kutema tone katikati ya kazi. Kichujio cha maji kwenye mpira sio urembo, kwa sisi wa pwani ni lazima. Na makopo ya kupuliza, hasa vanishi ya kufifisha mng'ao, mvua ikiwa inanyesha usiguse. Aprili moja nilipuliza vanishi jioni mvua imetoka kukatika, dakika kumi kichwa cha kifaru kimekuwa cheupe kama kimepakwa unga wa muhogo. Niliumia sana, ilikuwa kazi ya mwezi. Nilichofanya nikasubiri siku ya jua kali nikapuliza vanishi ya kung'aa nyembamba juu yake, ule ukungu ukapotea karibu wote, ukabaki kidogo kwenye kona ambapo baadaye niliuficha na vumbi. Kwahiyo ikikukuta usikimbilie kubandua, jaribu hivyo kwanza.

Kuna la usafiri pia, wengi hawalifikirii. Rangi hizi wengi wetu tunaagiza au tunamwomba ndugu anayekuja. Enameli, laka, hata Tamiya zenye alkoholi, zinawaka moto, kwenye mizigo ya abiria wa ndege haziruhusiwi. Mtu anakuletea anazinyang'anywa uwanjani na pesa yako imeenda. Vallejo ni ya maji kweli kweli, haiwaki, hiyo ndugu anaweza kuiweka kwenye begi la kupakia. Kwa mtu ambaye njia yake pekee ni shangazi anayerudi likizo hilo peke yake linatosha kuamua.

Sasa tuje kwenye kuchakaza, na hapa ndo penyewe.

Baba yangu mkubwa alikuwa Kagera vita vya 1978 na 1979. Siku nilipomwonyesha kifaru changu cha kwanza, kijani safi nilichokipaka kwa mapenzi yote, alikizungusha kwenye kiganja afu akasema, "Mwanangu, kijani tulikiona siku ya gwaride tu." Akaniambia kule ilikuwa udongo mwekundu, ukinyesha unapanda hadi juu, ukikauka unabaki kama unga wa matofali kila mahali isipokuwa pale askari wanapopanda na kushuka. Hiyo sentensi ya mwisho ndo imenifundisha kuliko maelekezo yote niliyosoma, kwasababu uchakavu una sababu zake, haujimwagii tu. Mahali watu wanapokanyaga rangi inachubuka na kung'aa, mahali maji yanaposimama vumbi linajikusanya, mahali pa dizeli panalowa. (Kama unataka cha JWTZ cha vita ile, chetu kilikuwa Type 59 ya China, nakala ya T-54A, na kampuni ya modeli ya MiniArt wanayo. T-55 zilikuwa upande wa pili, wa Amin na Walibya waliomsaidia. Tofauti rahisi kuiona: T-54 na Type 59 zina kikofia cha kupitishia hewa juu ya kichwa, T-55 hakina.)

Kanuni yangu ni hii na sijaona sababu ya kuibadilisha: maji chini, mafuta juu. Ile rangi ya kuingiza kwenye mifereji, yaani rangi nyepesi sana ya kahawia iliyokoza inayozunguka bolti na kuingia kwenye mishono, ifanye kwa rangi ya mafuta ya tyubu ya wachoraji iliyokatwa na waiti spiriti. Waiti spiriti haiigusi akriliki iliyokauka, kwahiyo ukikosea unafuta na pamba ya masikio iliyolowa kidogo, unarudia hata mara tano, kijani chako kiko pale pale. Nilishafanya enameli juu ya enameli bila vanishi katikati. Dakika kumi baada ya kuweka ile kahawia nikaanza kufuta, pamba ikatoka na kahawia, ikafuata kijani, ikafuata kijivu cha plastiki. Ndo nikaelewa. Kama umeshapaka mafuta chini sio mwisho wa dunia, piga vanishi ya maji juu yake, subiri siku nzima, afu endelea.

Tyubu za wachoraji zina faida nyingine kwetu, zinapatikana mjini kwenye maduka ya vifaa vya sanaa, na tyubu moja ya kahawia iliyokoza itakutosha miaka. Kabla ya kutumia ikamue juu ya kipande cha boksi usubiri nusu saa, boksi linanyonya mafuta yaliyozidi, rangi haitang'aa. Rangi nyepesi ya maji ya kuingiza kwenye mifereji nayo ipo, inakauka haraka, hainuki, ila inaacha alama ya ukingo kama chai iliyokaukia kwenye kitambaa na hapo huna cha kufuta tena. Kwa kazi hii mafuta yanashinda na sina mjadala.

Neno la tahadhari kwenye kukata rangi. Waiti spiriti ya hadwea inafaa kwa hizi za tyubu, ichuje tu kwanza. Mafuta ya taa yanaacha utelezi. Petroli na tina ya gereji zinayeyusha plastiki. Niliosha gurudumu moja kwa tina ya gereji kuondoa rangi, nililishika kwa sekunde chache tu, alama ya kidole changu ikabaki kwenye plastiki na bolti za katikati zikawa zimelala. Pia usimwage waiti spiriti nyingi kwenye plastiki isiyo na rangi, hasa kwenye viungo vyenye gundi na vijiti vya magurudumu, plastiki inakuwa kavu inavunjika, paka prima kwanza.

Kwa mchubuko wa rangi kuna njia mbili. Sponji ya kuoshea vyombo, unachana kipande, unachovya rangi ya kahawia karibu nyeusi, unaifuta kwenye karatasi hadi ibaki kidogo sana, unagusa gusa kwenye kona na ukingo wa milango ya juu. Hii inaenda na rangi yoyote chini, mtu wa brashi anaiweza, namshauri aanze nayo. Njia ya pili ni hea sprei ya saluni. Unapaka rangi ya chini, unapuliza hea sprei, ikikauka unapiga kijani cha maji juu, baada ya muda mfupi unalowesha na maji na kusugua kwa brashi ngumu, hea sprei inayeyuka chini na kijani kinabanduka vipande vipande kama rangi halisi. Hapa lazima juu iwe rangi ya maji, enameli haipitishi maji kwahiyo utasugua hadi kesho. Tamiya inabanduka vidogo vidogo vizuri, Vallejo inatoka mapande makubwa kama ngozi ya aliyeungua na jua, kwahiyo usingoje hadi ikomae. Matokeo ya hea sprei ni mazuri kuliko sponji, mi naikubali sana, ila inataka eabrashi.

Kutu, jamani, punguzeni kutu. Huku pwani tumezoea kuona mabati ya Kigamboni yameliwa na chumvi tukadhani chuma chote kinakuwa hivyo. Kifaru kinachotembea kila siku hakina kutu mwili mzima, kina kutu kwenye ekzosi, ambayo T-55 iko kwenye madigadi ya kushoto na pale panakuwa na masizi meusi pia, na kwenye minyororo. Minyororo yenyewe sehemu zinazokanyaga ardhi na zinazopita magurudumu zinang'aa kwa kusuguliwa, chukua penseli ya 2B usugue pale kwa ubavu wa risasi yake (ile nyeusi ya kuandikia), inatoa mng'ao wa chuma ambao rangi ya fedha haiwezi. Upande wa kulia kwenye madigadi ndo kuna matangi ya nje ya mafuta, hapo weka doa la dizeli: tyubu ya kahawia, tone la vanishi ya kung'aa, linachirizika chini ya kifuniko. Doa moja au mawili, basi.

Vumbi nimeliacha mwisho kwasababu hata kazini linakuja mwisho. Wengi wanachukua udongo wa kweli. Nimejaribu wa Pugu, nikaupepeta kwa soksi ya nailoni. Bado chembe ya 0.2 mm ni kokoto ya 7 mm kwenye 1/35, inafaa kwa tope lililoganda chini ya madigadi lakini kwa vumbi la juu haifai kabisa. Kwa vumbi tumia pigimenti (unga wa rangi) ya dukani, au saga chaki laini za rangi za wachoraji kwenye msasa, changanya nyekundu, kahawia na njano kidogo hadi ufikie ule unga wa matofali wa baba mkubwa. Paka kavu kwa brashi laini, afu gusisha tone la waiti spiriti pembeni linyonywe lenyewe. Likilowa litakuwa jeusi, usiongeze kitu, likikauka linarudi rangi yake. Na ukilipulizia vanishi juu nusu ya vumbi linapotea, kwahiyo mi sipulizi, nashika kifaru kwa chini.

Mpwa wangu nimempa hivi: Vallejo kwa brashi, mikono minne ya kijani kilichochanganywa na njano kidogo kipauke, sponji, tyubu moja ya kahawia, chaki. Eabrashi atanunua akishamaliza hiki na akaona bado anakipenda. Alinipigia jana usiku kuuliza ile kahawia ya mifereji inakauka lini, nikamwambia ipe siku mbili, akasema, "Anko, nimeifunika na beseni la mama na mama anataka kuoshea vyombo."